Kikombe Alichokataa Baba

Kamina, 4 Oktoba 1952

Mvua ya kwanza leo mchana. Mama alitoa masufuria yote nje. Nkambo Umba, bibi yangu mzaa mama, alitoa mkono tu kwenye mlango wa jiko lake, akaonja maji kutoka kiganjani, akasema, "Iko na vumbi bado," akarudi ndani.

Sista alituambia kwamba msichana akimaliza shule na kuacha kalamu, mkono unasahau. Basi nitaandika. Mbele ya watu maneno yangu hukwama, karatasi hainitazami.

6 Oktoba

Baba amerudi kutoka hotelini na habari. Mzee Lazare, aliyeshika ufunguo wa ghala la divai, amevimba miguu na amerudi kwao Mulongo. Madame, mwenye hoteli, anataka baba aichukue kazi ile.

"Ju ya nini weye?" mama aliuliza.

"Ju minyi sinywaka."

Mama alicheka kwamba kutokunywa kunampa mtu kazi ya divai, baba hakucheka. Alisema Madame anapunguza wahudumu wa mezani, naye ni mmoja wao, na kwamba atamjaribu mpaka Pasaka. "Kama nimejua kazi, tunabaki. Kama sijajua, muntu mwingine atakuya na bibi yake na batoto yake. Nyumba inafwata ufunguo."

Mama aliacha kucheka. Alitazama ukuta wa matofali wa nyumba hii ya hoteli, alioupaka chokaa mwenyewe mwezi uliopita. Kwa baba, kule Kabondo-Dianda, hatuna hata nguzo moja iliyosimama.

12 Oktoba

Shida si kubeba chupa. Shida ni maneno. Wasafiri wanaongoja treni hawaombi nyekundu au nyeupe tu. Wanasema wanataka kitu hiki au kile, na Lazare alikuwa anaelewa. Baba hajaonja divai maisha yake yote. Sisi Waafrika hatuuziwi. Divai ninayoijua mimi ni ile Padri anayokunywa altareni akitupa mgongo.

Leo baada ya chakula baba aliniita. Kwa kawaida haniiti. Ni mtu wa maneno machache, na mimi pia, kwa hiyo tunaweza kukaa chumba kimoja siku nzima kama viti viwili.

"Lucienne. Sec ni nini?"

"Ni kavu, baba."

"Kavu najua. Lakini divai iko maji. Maji inakauka namna gani ndani ya chupa?"

Sikujua. Mama alisema kutoka mlangoni, "Muulize mama yangu. Kila kitu ya kunywa, yeye anajua."

Baba alitazama sahani yake.

Lazima nieleze hapa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni. Ni heshima. Tangu nkambo ahamie kwetu, mama alimjengea jiko ambalo mlango wake unatazama upande mwingine, ili baba apite bila kumwona. Lakini kati yao kuna jambo zaidi ya heshima. Siku baba alipomuoa mama, nkambo alipika pombe. Alionja kwanza mbele ya watu, kama mpishi wa pombe anavyofanya ili wote waone hakuna ubaya ndani yake. Kisha alimtumia mkwe wake kikombe. Baba alikishika, akakirudisha kikiwa kimejaa.

Kikombe kikirudi kimejaa, kila mtu anajua kinasema nini: umeweka dawa ya kuua. Nkambo hajamtaja baba kwa jina tangu siku ile. Anasema, "Ule wa chumba ya mbele." Na baba akipita karibu na jiko lake, anakanyaga taratibu kama mtu anayepita nyumba ya mgonjwa.

Tangu utoto nimekuwa upande wa nkambo. Nilidhani baba ana kiburi.

13 Oktoba

Nilikaa jikoni kwa nkambo muda mrefu kabla sauti haijatoka.

"Nkambo, pombe inaweza kuwa kavu?"

"Nani anauliza?"

"Mimi."

"Weye? Weye hauombaka hata chumvi." Lakini alivuta vibuyu vitatu. Hakuniuliza tena. Nadhani alijua, na kazi ni kazi. "Onja hii. Niliipika leo."

Ilikuwa munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho hata watoto hunywa siku ya kwanza. Ilikuwa tamu.

"Na hii ya jana?"

Utamu ulikuwa umepungua. Katika kibuyu cha tatu, cha siku ya tatu, haukuwepo kabisa. Ulimi wangu uliutafuta, ukarudi mikono mitupu.

"Utamu ilienda wapi?"

"Sijui, nkambo."

"Ilikulwa. Pombe ni kama mutoto. Inakula sukari yake, inakula, mpaka inamaliza. Kama imemaliza yote, njo kavu. Maji iko, sukari hapana."

Jioni nilimwambia baba. Alifumba macho. "Sukari imekulwa," alisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu.

20 Oktoba

Mvua. Nimeshona.

2 Novemba

Siku ya Marehemu. Baba alibaki kanisani amepiga magoti baada ya watu wote kutoka. Nilimngoja nje na mama. "Ni ju ya kaka yake Malachie," mama alisema. "Alikufaka kwa reli mbele ya minyi kuolewa. Baba yako hamutajake." Baba alipotoka magoti yake yalikuwa na vumbi. Nilitaka kuyapangusa, sikuthubutu.

10 Novemba

Neno jipya: âpre. Baba anasema msafiri mmoja alikunja uso akalisema, na Madame akajibu kwamba ni tabia ya divai nyekundu, haikosi.

Nilimpelekea nkambo ule uso, nikaukunja kama baba alivyoukunja. Nkambo alicheka mpaka akashika ukuta. Akanipa ganda la ndizi mbichi. "Mutafune. Wote wawili."

Ni ukakasi. Tulikaa chini ya ukingo wa paa, baba na mimi, tukitafuna maganda ya ndizi mbichi huku maji yakimwagika mbele yetu. Ulimi ulivaa gunia. Baba alijaribu kusema neno na midomo ikamgandia kwenye meno, nami nikacheka kabla sijajizuia. Yeye pia alicheka. Ana jino limevunjika upande wa kushoto. Nimeishi naye miaka yangu yote na sikulijua.

Mama Clotilde, jirani, mke wa fundi wa treni, alitutazama juu ya ua. "Mathilde," alimwita mama, "bwana yako na mutoto banakula maganda. Chakula iliisha kwenu?"

"Banasoma," mama alijibu.

"Banasoma na kinywa?"

"Weye unasema na kinywa kila siku na hausome kitu."

25 Novemba

Masuku, matunda ya porini, yamefika sokoni. Ule uchachu wake unaoamsha mashavu, wazungu wanauita kwa jina zuri, vif, yaani hai. Nkambo anasema kinywaji bila uchachu ni mtu bila mifupa, kinaanguka tu mdomoni.

9 Desemba

Corps. Mwili. Nkambo alinipa pombe iliyochujwa mara mbili na pombe iliyochujwa mara moja. Ladha ni moja, lakini ya pili ina uzito, inajaza shavu. "Hii iko na mwili. Ile ingine ni kivuli yake." Nilipomweleza baba, alienda kwenye mtungi akanywa maji, kisha akanywa uji mwepesi wa mama, kisha maji tena. Alirudia mpaka mama akasema uji ule ulikuwa wa kesho asubuhi.

Sasa anasema "asante" ninapomletea neno. Zamani alitikisa kichwa tu.

25 Desemba

Noeli. Misa nzuri. Radi ilipiga wakati wa Gloria na watoto wakalia.

14 Januari 1953

Madame amemwambia baba kwamba kazi hii haijifunzwi kwa masikio tu. Aliweka bilauri tatu mezani. Baba alisema yeye hanywi.

"Akasema, nani alikuambia kunywa?" baba alinisimulia. "Onja, kisha utema mu beseni. Bote banafanya vile, hata mabwana wakubwa kule kwabo. Kama unameza, utalewa mbele ya kujua kitu."

"Ukaonja?"

"Nilionja, nikatema." Alinitazama kwa macho ya mtu aliyefika mahali alipopajua kwa kusimuliwa tu. "Lucienne, ni kweli. Sukari imekulwa."

22 Januari

Neno: jeune. Divai iliyo changa bado. Nkambo hakuhitaji kufikiri. "Kama weye. Pembe iko inje, inapiga kila muntu, na yenyewe inaogopa. Ukiacha ikae, inakuwa muzuri." Nikauliza pembe zangu ziko wapi. "Kunyamaza," alisema. "Weye unapigaka bantu na kunyamaza."

Nimelifikiri neno hilo siku nzima.

30 Januari

Mvua tangu asubuhi. Mkate umeota ukungu.

9 Februari

Nitaandika kwa mpangilio.

Baba alisema anataka kulinganisha. Divai za Madame zinapita upesi mno mdomoni mwake, anataka kitu cha nyumbani ashike kama kipimo. Si munkoyo ya watoto. Malwa yenyewe, pombe ya mtama ya nkambo. "Nitaonja tu," alisema.

Nilikwenda kwa nkambo. Aliuliza ni ya nani. Nikasema, "Baba anataka kuonja."

Mikono yake ilisimama juu ya kibuyu. Kisha aliacha kibuyu kile, akaenda pembeni kabisa, akatoa kingine kilichofunikwa jani, ambacho sikuwahi kukiona kikifunguliwa. Alimimina kikombe. Aliniita nikae mbele yake, akaonja kwanza, polepole, akimeza mbele ya macho yangu ili niwe shahidi. Akapangusa ukingo wa kikombe kwa kidole gumba. "Mupelekee," alisema. Sauti yake ilikuwa ya msichana.

Hapo nilipaswa kusema. Nilijua ataonja na kutema. Nilikuwa na neno mdomoni na nikalimeza, kwa kuwa uso wake ulikuwa mzuri sana.

Baba alisimama nyuma ya nyumba na beseni miguuni. Alionja. Alizungusha pombe mdomoni kama alivyofundishwa, macho yamefumbwa, akatema ndani ya beseni. Akaonja tena, akatema tena. Mawingu yalikuwa yameshuka na nkambo alitoka mbio kuanua kitambaa chake kwenye kamba.

Walikutana macho kwa macho, jambo lisiloruhusiwa. Midomo ya baba ilikuwa bado imelowa.

Nkambo hakupiga kelele. Alikunja kitambaa mara nne. Alirudi jikoni kwake, na nikasikia mitungi ikigeuzwa midomo chini, mmoja baada ya mwingine.

10 Februari

Nkambo anafunga mzigo. Mama analia na kumsihi. "Ile siku ya kwanza alikataa," nkambo anasema. "Leo anatema. Siku ya tatu atafanya nini? Minyi ninarudi Kabondo-Dianda. Kama ni kulala mu nyumba yangu ya kuvuja, nitalala."

Baba hali. Amesema mara moja tu: "Bila yeye, minyi siwezi kazi." Kisha: "Si ju ya kazi." Hakumaliza.

11 Februari

Nkambo alikwenda stesheni kulipopambazuka, mzigo kichwani na mtungi mmoja mkononi. Mama alinituma nimfuate ili asikae peke yake.

Treni haikuja. Wasimamizi walisema mvua imechukua udongo chini ya reli upande wa Bukama, na kwamba watu wangoje. Nkambo alikaa juu ya mzigo wake barazani, nami sakafuni karibu naye. Mvua ilipiga bati kwa nguvu hata watu wakaacha kuzungumza. Hakunitazama. Nilimpa muhogo wa kuchoma, akaula nusu na kunirudishia nusu, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu mpaka mchana.

Ndipo nikamwona baba. Alikuwa na koti lake jeupe la hotelini na gunia kichwani la kuzuia mvua. Alisimama nyuma ya pembe ya ukuta, mahali ambapo yeye na nkambo hawangeonana. Mimi nilikuwa kwenye pembe yenyewe, niliwaona wote wawili.

"Lucienne," baba alisema. "Mwambie mama arudi. Mvua iko mingi."

"Nkambo, baba anasema..."

"Minyi siko kiziwi. Mwambie hivi: mu nyumba ya muntu anatema pombe yangu kama dawa ya minyoo, nitarudia nini?"

Nilimgeukia baba. Alikuwa amesikia kila neno, lakini alingoja. Nikarudia, nikaacha minyoo.

"Sema na minyoo," nkambo alisema.

Nikasema na minyoo.

"Mwambie ni Madame alinifundisha," baba alisema. "Wazungu banaonja, banatema. Hata divai yabo muzuri sana banatema. Ni kazi. Si zarau."

"Muulize: siku ya ndoa yake, Madame alikuwa kule?"

Maji yalishuka kwenye gunia lake, yakapita mabegani. Nilingoja jibu nilipeleke, na jibu halikuja, nikaona kwamba halitakuja, kwamba ataondoka na ukimya wake na nkambo ataondoka na wake, na nyumba itakwenda pamoja nao. Mimi ninakijua kile kimya. Ninacho tumboni kila siku.

"Baba," nilisema. Hakuna aliyenituma. "Kwa nini ulirudisha kikombe?"

Alinitazama mimi, na akanijibu mimi.

"Malachie alikufa mwezi mbili mbele ya ndoa. Homa ilimukamata kule kwa reli, bakamuzika kule kule. Mama yetu alikuwa amekufa zamani. Dada hatuna. Weye unajua, kilio inaishaka na pombe. Banamuke ya jamaa banapika, mwenye kilio anakunywa, njo anatoka mu kilio. Minyi hakuna mwanamuke alinipikia. Muntu iko mu kilio hanywake."

"Ungesema."

"Mu ndoa? Kutaja mufu mbele ya bibi arusi? Nilishika kikombe. Kilikuwa na harufu muzuri. Nikakirudisha."

"Na baada ya ndoa?"

"Neno kama hii, kwa mama mukwe, inapelekwa na dada ya muntu. Minyi sina. Nilingoja." Alipangusa uso, sijui kama ilikuwa mvua. "Kisha weye ulizaliwa. Nikasema, huyu atanibebea. Lakini weye haukuwa unasema."

Niligeuka kumtazama nkambo. Alikuwa ameshika mtungi magotini kwa mikono miwili.

"Miaka yote hii," alisema, na hakuniambia mimi, aliuambia ule ukuta moja kwa moja, "weye uko mu kilio." Kisha akakumbuka desturi, akanigeukia haraka. "Mwambie baba yako iko mujinga."

"Baba, nkambo anasema..."

"Nimesikia."

"Na mwambie minyi pia niko mujinga, ju sikutuma muntu kuuliza. Bibi yake ni mutoto yangu. Kilio yake ni yangu. Ningepika. Siku ileile ningeweka kimea mu maji." Alisimama, magoti yakalia. "Kwaresima inaanza lini?"

"Wiki ijayo, nkambo."

"Basi haiwezekane sasa. Kilio yake tutaimaliza kwa Pasaka. Shika muzigo."

Baba hakungoja tuzunguke pembe. Alipoondoka nilimwona akivua gunia kichwani na kuliweka juu ya jiwe la kona, akaenda mvuani na koti lake jeupe bila kitu. Nkambo alipofika pale alisimama. Alilichukua, akalikung'uta, akasema linanuka supu ya hoteli, akajifunika.

12 Februari

Madame alimkasirikia baba kwa ajili ya koti. Mama amelichemsha.

1 Machi

Nkambo hafundishi tena kwa kunong'ona. Anakaa jikoni kwake na baba anakaa upande wa pili wa ukuta wa matete akisugua viatu. Nkambo anapaza sauti: "Lucienne, mwambie baba yako pombe ya rond, ya mviringo, haina pembe, hakuna kitu inakuchoma, si ju iko tamu." Nafungua mdomo na baba tayari anasema, "Nimeelewa." Kazi yangu imekuwa kukaa tu katikati, kwa heshima.

10 Machi

Kila kitu kimeota ukungu: viatu, misale, mfuko wa unga. Kibuyu kimoja cha nkambo kilizibwa kwa gunzi la mahindi lililolowa, na pombe yote imeshika harufu ile. Alitaka kuimwaga. Baba alisema kupitia kwangu asiimwage, yeye baba ainuse kwanza. Alinusa muda mrefu. Wazungu wanaziba chupa kwa gome la mti, alisema, na gome likiharibika ni harufu hii hii, ya nguo iliyofungiwa sandukuni ikiwa mbichi.

19 Machi

Yosefu mtakatifu. Neno la mwisho: long. Wageni wanasema divai ni ndefu. Nkambo alifikiri mpaka moto ukafifia.

"Kuko mugeni anaaga, anaenda, na nyumba inanyamaza," alisema. "Kuko mugeni mwingine, ameenda zamani, na weye uko bado unasikia sauti yake ku mulango. Ile ya pili njo murefu."

Baba, ng'ambo ya matete, aliacha kusugua kiatu.

1 Aprili

Mtihani wa Madame ulikuwa leo. Tulingoja. Mama alifagia ua ambao ulikuwa umefagiwa. Nkambo alitia kimea majini siku zilizopita na leo anakikoroga, kila mara akinituma njiani kutazama.

Baba alirudi jua likiwa bado juu. Alikaa kwenye kiti, akavua viatu, akaviweka sawasawa. Madame alimwita mezani kwa wageni wawili. Mmoja alitaka nyeupe, sec, ya kula na samaki. Baba alileta. Mwingine alitaka nyekundu isiyo na ukakasi mwingi kwa kuwa tumbo lake ni baya. Baba alifungua chupa, akanusa kizibo, akasimama.

"Gunzi," alisema. "Moyo yangu ilisema gunzi. Nikaogopa. Kama nimekosa, ninaharibu chupa ya Madame mbele ya bantu. Nikamupelekea Madame kizibo, sikusema neno. Alinusa. Akasema, toa ingine."

"Na kisha?" mama aliuliza.

Baba aliingiza mkono mfukoni, akaweka ufunguo mezani.

Mama alikaa chini. Nilikimbia jikoni kwa nkambo, lakini alikuwa amesikia. Alikuwa anakoroga kwa nguvu na machozi yanadondoka, akasema ni moshi.

6 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Leo kilio cha baba mdogo wangu... hapana, baba mkubwa. Malachie ni mkubwa wake. Sijawahi kumwita chochote, ndiyo maana nakosea.

Hapakuwa na watu wengi: sisi, mama Clotilde na mume wake, na wazee wawili wa Kabondo-Dianda wanaofanya kazi ya reli, mmoja aliyemjua Malachie. Alisema Malachie alikuwa anapiga mluzi akiwa amekula nyanya, mbegu zikiruka. Baba alicheka na kufunika macho kwa wakati mmoja.

Nkambo alikaa na mgongo kwa baba, kitambaa cheupe kichwani, na mtungi mbele yake. Alimwaga kidogo chini kwa aliyetangulia. Alionja, akameza, watu wakaona. Kisha akanipa kikombe. Ni hatua chache tu kutoka kwake mpaka kwa baba na nilizitembea huku kila mtu akinitazama, na sikutazama chini.

"Baba, nkambo anasema kilio kimeisha," nilisema. "Kunywa."

Hakukuwa na beseni. Baba alishika kikombe kwa mikono miwili. Alinusa kwanza, nadhani ni mazoea sasa. Akanywa. Niliona koo lake likishuka na kupanda. Mama alishika mkono wangu.

Nkambo hakugeuka. "Muulize iko namna gani."

"Mwambie mama," baba alisema, "iko sec. Sukari imekulwa yote. Iko na mwili. Iko na ukakasi kidogo ku mwisho, muzuri, kama ndizi ile. Na iko murefu."

"Murefu mpaka wapi?"

Baba alifumba macho. Tulingoja. Mama Clotilde alitaka kusema kitu, mume wake akamgusa. Kuku alipita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza.

"Bado," baba alisema.

7 Aprili

Hakuna mvua. Nimeosha mitungi na kuianika. Baba amekwenda kazini na ufunguo. Alipopita jiko la nkambo aligeuza uso upande wa pili kama inavyotakiwa, lakini hakukanyaga taratibu. Alikohoa, ili ajue ni yeye.

Kutoka ndani, nkambo naye alikohoa.